Kupe wa Milango Miwili

Gari la milango miwili, lenye boneti ndefu na paa linaloteremka kwa nyuma, Wafaransa walilipa jina coupé, yaani lililokatwa. Jina hilo lilianza kwa magari ya farasi yaliyopunguzwa viti. Liandike kwa sikio la Kiswahili na unapata kupe. Hatukuhitaji hata kufungua kamusi. Yeyote aliyekulia karibu na ng'ombe anamjua kupe: anapanda mgongo usio wake, anashika, ananyonya, anavimba, na hana kazi nyingine duniani.

Naona mnavyoyashabikia. Kila wiki kuna msee anabandika mtandaoni picha ya Ford Thunderbird ya 1961 ama Buick Riviera ya 1963, na chini yake watu wanamwaga mioyo na moto, wanaomboleza kwamba siku hizi hakuna anayejua kuunda gari. Sawa. Ni magari mazuri, na sitabishana na macho yenu. Ninabishana na wazo lililofunikwa na uzuri huo. Wazo hilo lilivuka bahari, likashuka hapa Kenya, likakaa, na sasa linabisha hodi Olkaria likiwa limevaa kijani na kujiita mwokozi wa mazingira.

Hoja yangu ni moja tu: mvuke wa Olkaria ni mali ya umma, na usiende kumnenepesha kupe. Lakini ili tuelewane inabidi nianze mbali kidogo, Michigan, na mtu ambaye baadaye alikuja kusimama KICC na kutuhubiria kuhusu umaskini.

Thunderbird ya kwanza, modeli ya 1955, ilikuwa na viti viwili. Ford waliitangaza kama gari la binafsi, la mtu na starehe zake. Mwaka huo walitengeneza zaidi ya 16,000. Bosi wa kitengo cha Ford, Robert McNamara, hakushtuka. Alikuwa mtu wa hesabu, mmoja wa vijana kumi waliotoka kitengo cha takwimu cha jeshi la anga la Marekani na kuajiriwa na kampuni hiyo kwa mkupuo mwaka 1946. Alitazama vitabu akaona viti viwili havilipi. Akashikilia kwamba Thunderbird ipewe viti vinne. Modeli ya 1958 ikatoka hivyo, na yakatengenezwa karibu 38,000. Kufikia 1960 idadi ilipita 90,000 kwa mwaka. McNamara hakuwa mshairi wa magari, lakini ndiye aliyethibitisha kwamba unaweza kumuuzia mtu wa kawaida mwenye mshahara mzuri ndoto kwamba yeye si wa kawaida.

Sasa tazama jinsi gari lenyewe lilivyoundwa, maana hapo ndipo siri ilipo. Thunderbird ya 1958 ilikuwa fupi kwenda juu, kama mita 1.3 tu. Ukishusha gari hivyo, shafti inayopeleka nguvu nyuma haina pa kujificha, kwa hiyo sakafu inavimba katikati kama mgongo wa ngamia. Mafundi wengine wangeona hilo ni tatizo. Ford wakafunika uvimbe huo kwa kisanduku kirefu chenye mapambo, wakaweka kiti kimoja kimoja kila upande, wakakiita anasa. Magari mengi ya Marekani wakati huo yalikuwa na benchi moja mbele, mnakaa watatu bega kwa bega. Kisanduku kile kilikuwa ukuta. Dereva akapata himaya yake, abiria akapata yake.

Nyuma, nguzo za paa zilinenepeshwa hadi zikala nafasi ya dirisha. Aliyekaa huko aliona giza, na aliye barabarani hakumwona aliye ndani. Modeli ya 1961 ikaja na usukani ambao, ukilipa zaidi, unateleza kando ili bwana mkubwa asipinde mgongo akishuka. Hesabu: gari la mita tano na ushee, injini ya V8 ya lita 6.4, na milango miwili. Wa nyuma walipewa viti, lakini ili waketi lazima wa mbele ainuke. Yaani walialikwa kwa shingo upande.

General Motors hawakukubali kuachwa. Bill Mitchell, mkuu wao wa usanifu, alitaka gari lenye makali ya Rolls-Royce na mwili wa Ferrari, na Riviera ya 1963 ndiyo iliyozaliwa. Kusema kweli, inapendeza hadi inauma. Lakini hata pale kulikuwa na mchezo: mwaka wa kwanza Buick walijiwekea kikomo cha magari 40,000. Kiwanda hakikuishiwa chuma. Kilitaka tu mwenye nalo ajue kuna jirani aliyelikosa. Huo ndio moyo wa biashara hii. Raha yangu haikamiliki mpaka wewe uikose.

Wakati huo McNamara alikuwa ameshaondoka Ford. Novemba 1960 alifanywa rais wa kampuni, wa kwanza asiye wa ukoo wa Ford kushika kiti hicho enzi hizo, na kabla kiti hakijapata joto John F. Kennedy akamwita kuwa Waziri wa Ulinzi. Yaliyofuata Vietnam yanajulikana. Mwaka 1968 akahamia Benki ya Dunia kama rais, na hapo ndipo njia yake inapokutana na yetu.

Tarehe 24 Septemba 1973, katika jumba jipya la KICC jijini Nairobi, McNamara alisimama mbele ya magavana wa Benki ya Dunia akazungumzia ufukara uliokithiri: watu ambao maisha yao yamebanwa na njaa, maradhi na ujinga kiasi kwamba utu wenyewe unavunjwa. Akataka mikopo ielekezwe kwa mkulima mdogo, na akaweka lengo kwamba kufikia 1985 mazao ya wakulima hao yawe yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Wanafunzi wa maendeleo bado wanasomeshwa hotuba ile. Wachache wanaambiwa kwamba aliyeitoa ndiye aliyelipa soko kupe wa viti vinne.

Wiki mbili hazikuisha. Oktoba 6 vita vikalipuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikafunga bomba la mafuta kwa Marekani, na kufikia mwanzo wa 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne. Mtihani uleule ukawafikia Detroit na Kenya mwaka mmoja. Majibu yao ndiyo sababu ya makala hii.

Thunderbird iliyokuwa sokoni siku hizo ilikuwa na urefu wa mita 5.7, uzito wa zaidi ya tani mbili, na injini iliyofika lita 7.5. Ile Nissan yako ya abiria 14, inayokubana magoti kila asubuhi, ni fupi kuliko hiyo kwa karibu mita nzima. Ungedhani foleni kwenye vituo vya petroli Marekani zingemuua kupe. Wapi! Ford walimpunguza kimo, wakashusha bei, na mwaka 1977 wakatengeneza zaidi ya Thunderbird 318,000. Mwaka 1978 wakapita 350,000, rekodi ambayo jina hilo halikuwahi kuivunja tena. Chevrolet nao walikuwa na Monte Carlo, Oldsmobile wana Cutlass Supreme. Mamia ya maelfu ya watu wakauziwa upekee uleule, wenye paa lilelile la plastiki iliyofanana na ngozi. Hilo lilikuwa jibu la Detroit: dunia imeishiwa mafuta, basi tuongeze mito kwenye viti.

Huku kwetu jibu lilitoka ardhini. Miaka ya 1950 visima viwili vilichimbwa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, na havikutoa kitu cha maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Umoja wa Mataifa na kampuni ya umeme ya Afrika Mashariki ya wakati huo wakarudi kupima, na uchimbaji ukaanza upya 1973, mwaka uleule. Bei ya mafuta ikawafanya walioona jambo hili ni ndoto waanze kusikiliza. Benki ya Dunia, chini ya McNamara, ikawa miongoni mwa wakopeshaji. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa 1981, mwaka ambao McNamara alistaafu. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45, ya kwanza ya aina yake Afrika kwa ukubwa huo. Leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wa Kenya.

Simfanyi McNamara baba wa Olkaria. Mvuke ulikuwepo kabla ya Ford na kabla ya benki, na Wamaasai walikuwa wakichunga juu yake. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja, kwa kalamu ileile ya hesabu, alitia saini mambo mawili yanayopingana, na sisi tumerithi yote mawili.

Kama mnapenda usanifu kweli, pandeni baiskeli siku moja muingie Hell's Gate, muyatazame yale mabomba. Yanapinda mraba kila baada ya hatua kadhaa, na mgeni hudhani fundi alikuwa amelewa. Sababu ni kwamba chuma kikipata joto la mvuke hurefuka, na bomba lililonyooka lingejipasua. Penye njia za wanyama mabomba yameinuliwa juu ili twiga apite chini. Huo nao ni usanifu. Kila kona ina sababu, na sababu mojawapo ni kumpisha mwingine. Linganisha na nguzo nene ya paa iliyowekwa ili aliye nje asikuone.

Lakini twende kwenye urithi wa pili. Kupe wa Marekani hakufika Kenya kwa wingi, kwa sababu usukani wake uko upande mbaya na barabara zetu hazina huruma na gari lililolala chini. Lililofika ni wazo, na wazo halihitaji kibali cha forodha. Uhuru haukuwa umemaliza miaka mingi kabla watu hawajamtungia jina kabila jipya: Wabenzi. Baadaye Mercedes ikapisha Land Cruiser, na leo hatutaji hata jina la gari. Tunasema tu V8. Herufi moja na tarakimu moja, zilezile zilizokuwa chini ya boneti ya Thunderbird, sasa ni cheo. "Ameomoka, ana V8." Milango imeongezeka ikawa minne, vioo vimetiwa giza badala ya kunenepesha nguzo, na bwana mkubwa amehamia kiti cha nyuma. Kazi ni ileile. Gari la watu saba linabeba mmoja, na sisi wengine tunasukumwa kando ya barabara na king'ora.

Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaagiza mawaziri warudishe magari yao makubwa na kuchukua Volkswagen Passat za injini ndogo. Mnakumbuka kelele? Watu wazima walinung'unika hadharani kana kwamba wamevuliwa nguo. Na kwa namna fulani walikuwa wamevuliwa. Passat ilikuwa inafika Naivasha vizuri tu. Kilichokosekana ni ukuta kati yao na sisi.

Najua mtanijibu. La kwanza: huo ni wivu, mtu ale jasho lake. Hewala, na ajile. Ila V8 ya serikali hainunuliwi kwa jasho la aliyeikalia, inanunuliwa kwa kodi, na barabara anayoijaza peke yake ilijengwa kwa deni ambalo mama mboga wa Karagita analilipa kila anaponunua mafuta ya taa. Jasho lako halikupi haki ya nafasi ya watu 13.

La pili: uzuri una thamani yake, na maskini pia wanapenda vitu vizuri. Nakubali kabisa, na ushahidi wangu unapita Nakuru mjini kila siku. Itazame nganya iliyopigwa rangi na vijana wa jua kali, yenye taa, michoro na muziki unaotikisa mbavu. Ni gari la kujionyesha kuliko Riviera yoyote, na bado linabeba watu 33 na konda mmoja mlangoni. Hatujawahi kuhitaji kuchagua kati ya urembo na wenzetu. Waliotuambia tuchague ndio waliokuwa wanauza milango miwili.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike. Mnasema: hayo yalikuwa mambo ya petroli, siku hizi kuna umeme, umeme wetu unatoka Olkaria, ni safi, basi kila mtu na gari lake na dhamira yake itulie.

Hapana. Kupe akibadilisha damu anayonyonya bado ni kupe. General Motors, waliotuletea Riviera, leo wanauza Hummer ya umeme chini ya jina la GMC. Ina uzito wa tani nne, na betri yake inapita kilowati-saa 200. Bodaboda ya umeme inayoundwa Nairobi huendeshwa na betri ya kama kilowati-saa 3. Piga hesabu kama McNamara: betri ya msee mmoja anayeenda kununua maziwa ingeziendesha nduthi zaidi ya 60, na kila nduthi inalisha nyumba. Hapo sijagusa madini, na sijataja kwamba gari la umeme likikwama kwenye foleni ya Mai Mahiu limekwama tu, hata likiwa kimya na halitoi moshi.

Na serikali imeshaanza kumkaribisha mgeni huyu kwa kigoda. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Ni hatua nzuri, ila punguzo lile halikuuliza gari lina viti vingapi wala betri yake ina ukubwa gani. Mwaka 2023 mdhibiti wa kawi aliweka bei maalum ya umeme wa kuchajia magari, na saa za usiku, nchi ikiwa imelala, bei inashuka hadi nusu. Hiyo nayo ina akili, maana usiku matumizi ya umeme hushuka na Olkaria huachia mvuke hewani bila kuugeuza umeme. Kisima hakilali, sisi ndio tunaolala. Swali ni nani aunywe mvuke ule wa usiku wa manane. Mabasi ya umeme tayari yanabeba abiria Nairobi tangu 2022. Basi moja likichajiwa usiku linaamkia kazi ya watu wengi. Ukiuacha mvuke ule ufuate tu mwenye pesa ya kuagiza gari la tani nne, utakuwa umechukua joto la nchi nzima ukaliweka kwenye gereji ya mtu mmoja kule Runda.

Mkisahau mengine yote, kumbukeni bei iliyolipwa tayari. Mwaka 2014, ili Olkaria IV iwake, familia za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa hadi mahali panapoitwa RAPland. Walalamika, kesi ikafika hadi kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, na mwaka 2015 jopo hilo likabaini kwamba benki haikufuata kikamilifu kanuni zake zenyewe. Ikabidi kukaa chini kwa upatanisho juu ya barabara, nyumba na hati za ardhi. Watu walihama ili taa ziwake kwetu. Kuwaambia kwamba mvuke uliowahamisha unaenda kupoza kiti cha mtu aliye peke yake ndani ya gari ni tusi, na kulipaka rangi ya kijani hakulifanyi kuwa sifa.

Basi ninachotaka ni hiki, na kinaweza kuandikwa katika muswada wa fedha wa mwaka wowote. Punguzo la kodi lifuate viti na uzito: basi, matatu na nduthi za umeme zipate lote, gari dogo la familia lipate kiasi, na lile la tani nne lilipe kamili bila kunung'unika. Vituo vya kuchajia vya umma vianzie kwenye steji na kwenye vijiwe vya bodaboda, Naivasha, Gilgil na Nakuru, kabla ya kufika kwenye maegesho ya mahoteli. Na RAPland iwe mahali pa kwanza kupata basi la umeme linalofika kwa saa inayojulikana, badala ya kuwa jina kwenye ripoti.

Picha za Riviera endeleeni kubandika, mimi pia nitaweka moyo wangu pale. Uzuri wa chuma hauna dhambi. Ila mfugaji akimkuta kupe shingoni mwa ng'ombe hasimami kusifu jinsi alivyong'aa baada ya kushiba. Anamng'oa, kisha anampeleka ng'ombe kwenye josho.